Kuokoka: Historia ya Kitenzi Kimoja katika Maisha ya Wakristo wa Afrika Mashariki

Katika Kiswahili cha leo mtu akiulizwa "Umeokoka?", hategemewi kujibu kwa swali la "Na nini?" Swali limekwisha kamilika. Kisarufi jambo hili linastahili kushangaza, kwa kuwa kitenzi okoka kwa muda mrefu kilidai kitajwe kile ambacho mtu ameponea: mtu huokoka na maji, huokoka na simba, huokoka na moto au na mikono ya adui. Baharia aliyeogelea hadi ufukoni baada ya chombo chake kuzama ameokoka, na watu wa mji wakipata habari za ajali hiyo huuliza wangapi wameokoka. Waislamu wa pwani nao walimwomba Mungu awajalie kuokoka na moto wa Jahanamu. Kote huko hatari ilitajwa, au ilifahamika na wote waliokuwapo.

Ilikuwaje basi kitenzi hiki kikaiacha hatari yake nyuma, kikawa jina la namna nzima ya kuishi? Kwa maana anayesema "nimeokoka" leo hazungumzii tu roho yake na ahera. Anadokeza pia kwamba madeni yake yanalipika, kwamba chupa imeondoka nyumbani, kwamba mke wake anajua mshahara wake ni kiasi gani. Wasikilizaji wake hivyo ndivyo wamwelewavyo, na wanamfuatilia kuona kama ni kweli.

Historia ya Ukristo katika Kiswahili husimuliwa mara nyingi kama historia ya watafsiri. Ni njia ya haki, na watafsiri hao watatajwa hapa pia. Lakini kitenzi okoka kinaonyesha mpaka wa njia hiyo. Hakuna mtafsiri aliyekipa maana yake ya leo. Kilipewa maana hiyo na watoro wa utumwa, na wauguzi wa hospitali ya kijijini, na walimu wa shule za misheni, na wake na waume waliokaa meza moja kwa mara ya kwanza.

Maneno ya kuazima na neno lisiloazimwa

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Mara nyingi jambo hili hutajwa kama kioja cha historia, ilhali lina uzito wa kiisimu: lugha ambayo Ukristo uliivaa pwani ilikuwa tayari lugha ya watu wenye dini, wenye sheria na wenye elimu ya maandishi. Imani, dini, dhambi, toba, neema, rehema, sala, sadaka, malaika, shetani, nabii, hata injili na kanisa, yote yalikuwa yamekwisha kuingia Kiswahili kutoka Kiarabu. Mkristo wa kwanza wa Rabai hakuwa na haja ya kufundishwa sadaka ni nini. Alihitaji tu kuambiwa kwamba sadaka yake inapelekwa kwingine.

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, aliukubali msamiati huo bila wasiwasi mkubwa. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891, miaka tisa baada ya kufa kwake. Wapo waliokuja kuuona msamiati huo kuwa mzigo. Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuondoa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, kwa kuamini kwamba watu wa bara wangeyasikia kwa urahisi zaidi. Kazi yake ilikuwa ya mtu msomi na mwenye nia njema, lakini ilishindana na masikio ya watu. Wasomaji walikuwa wamekwisha kuyazoea maneno aliyoyaona mageni, na Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ikayarudisha mengi.

Katika mabishano hayo yote okoa na okoka vilibaki vimekaa kimya. Ni vya Kibantu, kwa hiyo Roehl hakuwa na sababu ya kuvigusa. Vinaeleweka na kila mtu, kwa hiyo Steere na wafuasi wake hawakuwa na sababu ya kuviacha. Mwokozi, wokovu, okoa: mafungu ya Biblia yanapokezana maneno haya toleo hadi toleo. Neno ambalo halikubishaniwa na wasomi ndilo lililokuja kubishaniwa mno na waumini.

Inafaa kulilinganisha na neno jingine ambalo nalo lilibeba dhana ya maisha ya kidini, yaani utawa. Pwani mtawa alikuwa mtu, aghalabu mwanamke wa heshima, aliyekaa ndani asionekane ovyo, na utawa ukawa pia uchaji. Ukristo wa Kikatoliki ulilichukua neno hilo na kuwapa mabruda na masista, na lilifaa sana, kwa kuwa wazo la kujitenga lilikuwa ndani yake tangu hapo. Okoka halikuwa na kuta za namna hiyo. Lilikuwa neno la njiani, la baharini na la msituni.

Kutoroka, kukombolewa, kuokoka

Ili kulisikia neno hili kama lilivyosikika kwa kizazi cha kwanza cha Wakristo, yafaa kuyasoma pamoja na majirani zake wawili, toroka na komboa. Leo vitenzi hivi vitatu vimetawanyika: toroka ni la wanafunzi na wafungwa, komboa ni la siasa na la vitu vilivyowekwa rehani, okoka ni la kanisani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kuanzia Mombasa hadi Bagamoyo, vilikuwa vitenzi vya jambo moja. Mtumwa angeweza kutoroka, na akikamatwa akarudishwa. Angeweza kukombolewa, yaani mtu akatoa fedha akamtoa. Na katika hali zote mbili, ikiwa alifika mahali pa salama, watu walisema ameokoka.

Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu pale pale Mkunazini palipokuwa soko. Mwaka 1875 watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa walianza kushushwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele yao ipo hadi leo, na mtaa unaitwa Kengeleni, ingawa wengi washukao pale kutoka matatu hawana habari kengele ni ya nani. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa jamii hiyo, alichapisha simulizi ya watu hao na kuiita Uhuru wa Watumwa. Kwa watu wa namna hii Mkombozi halikuwa neno la mfano. Walikuwa na hakika ya maana yake, kwa kuwa wengine waliona kwa macho yao fedha ikihesabiwa.

Jambo lililolipima neno lilitokea Rabai. Watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakifika huko mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakajenga na kulima pamoja na Wakristo. Uongozi wa misheni ulikuwa umekataza kuwapokea, kwa kuogopa ugomvi na wenye mashamba na kwa kuheshimu sheria ya Sultani iliyowatambua mabwana. Aliyewahudumia watu wa Rabai alikuwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa India na kurudi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1885 alipewa daraja ya ushemasi na Askofu James Hannington, na mwaka huo huo akafuatana naye katika safari ya kwenda Buganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliobaki hadi Rabai mapema mwaka 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la Kiebrania la utukufu uliotoweka.

Mtu huyu hakuwafukuza watoro. Yeye na watu wake walijua vyema kanuni ya misheni, wakaendelea kugawana nao ardhi. Kufikia mwaka 1888 wenye mashamba walikuwa wamekasirika kiasi cha kutisha kushambulia vituo. Suluhisho lilikuja kwa fedha: George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikubaliana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakatambuliwa kuwa huru, wakapewa hati.

Wanahistoria wamelieleza tukio hilo kwa upande wa siasa ya Kampuni, nao hawakukosea. Mackenzie alihitaji amani na wakubwa wa pwani kuliko alivyohitaji thawabu. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, yaliyotangulia tarehe hiyo ndiyo yenye uzito. Kwa miaka kadhaa kijiji kizima cha Wakristo kiliishi katika pengo lililokuwapo kati ya kutoroka na kukombolewa, na pengo hilo wao walilijaza kwa kitenzi cha tatu. Mtoro aliyekuwa na jembe na kiwanja Rabai hakuwa amekombolewa na mtu yeyote, lakini alikuwa ameokoka, na aliokoka kwa sababu jirani yake alikubali kuvunja agizo. Hapo kuokoka kulikuwa tayari ni jambo la Jumatatu na Jumanne.

Wasomaji na waongofu

Kizazi kilichofuata kilijitambulisha kwa vitenzi vingine. Katika Buganda, ambako Waanglikana walifika mwaka 1877 na Mapadre Weupe mwaka 1879, Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Katika nchi ya Wakikuyu waliitwa athomi, neno lenye kitenzi kile kile. Bara zima kusoma kulikuwa ndiko kuwa Mkristo: mtu alisoma kwa ajili ya ubatizo, na asiyesoma alikuwa mtu wa mila. Ilikuwa alama inayoonekana kwa macho. Msomaji alivaa shuka au kanzu nyeupe, alikuwa na kitabu, alijenga nyumba ya pembe nne, na mke mmoja alikuwa sharti.

Lugha rasmi ya kanisa iliongeza kitenzi ongoka na jina lake mwongofu. Ni kitenzi kizuri, chenye picha ya mtu aliyeonyeshwa njia iliyonyooka, na Waislamu nao hukitumia kwa maana iyo hiyo. Lakini kuongoka kulihesabiwa katika daftari. Mwongofu alikuwa na tarehe ya ubatizo, jina jipya na cheti, na baada ya miaka thelathini tarehe hiyo ilikuwa ya kukumbukwa na karani kuliko mwenyewe. Vijana wa miaka ya 1920 walibatizwa wakiwa wachanga, wakapata kazi za ualimu, ukarani na uuguzi kwa sababu ya kusoma kwao. Wengi walikuwa Wakristo kwa namna mtu anavyokuwa na kabila. Si haki kuwadharau. Waliendesha shule na zahanati za nchi tatu. Ila kitenzi kusoma kilikuwa kimeanza kumaanisha ajira.

Gahini na Kabale: l mbili zinarudi

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alianza kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Mwezi wa Septemba 1929, akiwa amechoka na njaa iliyokuwa imeipiga nchi na ukavu wa kanisa lenyewe, alikutana Namirembe na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Walisoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi wa hospitali huko. Mkutano wa Kabale wa mwaka 1935 uliutoa mwamko huo Rwanda ukaenea Uganda. Kigozi alifariki Januari 1936. Mwaka 1937 timu ilifika Kenya, na kutoka Uganda na Rwanda mwamko ukavuka pia kuingia Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika.

Waliojiunga na mwamko huo waliitwa kwa Kiganda abalokole, wengi wa omulokole. Hapa isimu ina la kusema. Kitenzi cha Kiganda ni lokola, na ndugu yake wa Kiswahili ni okoa. Kiswahili kina tabia ya zamani ya kudondosha l iliyo kati ya irabu, kama inavyoonekana Mulungu wa lugha za jirani akilinganishwa na Mungu wa Kiswahili, ambaye zamani alikuwa Muungu. Katika lokola zipo l mbili, na Kiswahili kilizidondosha zote mbili kikabaki na okoa. Jina mulokole nalo limeundwa kwa kiambishi tamati -e, ambacho Kiswahili nacho kinacho kwa mtu au kitu kilichotendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kwa kanuni hiyo, aliyeokolewa angeitwa mwokoe. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema mwokoe. Badala yake lugha ililichukua neno la Kiganda lilivyo, na l zake mbili, likawa mlokole na walokole.

Hivyo Kiswahili kina jamaa wawili wa ukoo mmoja ambao wazungumzaji wengi hawajui kuwa ni jamaa. Nao wamegawana kazi. Okoka ni neno la ndani: mtu hulisema juu ya nafsi yake. Mlokole ni neno la nje, la jirani anayetazama ng'ambo ya ua, na mara nyingi lina kejeli ndani yake, hasa linapogeuzwa kuwa ulokole. Wao wenyewe kwa wenyewe waliitana ndugu. Huenda ugeni wa neno ndio ulioliwezesha kubeba dhihaka. Ni vigumu kumdhihaki mtu kwa neno ambalo baharia aliyezama naye hulitumia.

Walokole walifanya nini hata wakahitaji jina? Mahubiri yao hayakuwa mapya sana. Yaliyowashangaza watu yalikuwa ya nyumbani na kazini. Mtu alisimama mbele ya kundi akataja dhambi yake kwa jina: si kwamba ni mwenye dhambi, kwa maana hilo kila Mwanglikana hulisema Jumapili, bali kwamba aliiba vifaa vya hospitali, au kwamba anamchukia fulani aketiye pale. Kisha akarudisha. Fedha, mifugo na zana za kazi zilirudishwa kwa wenyewe, wakiwamo waajiri ambao hawakuwa na habari kwamba wameibiwa. Wazungu nao walitakiwa kuungama mbele ya Waafrika, na baadhi yao waliungama, Church mwenyewe akiwa mmoja wao. Katika makoloni ya miaka ya 1930 hilo halikuwa jambo dogo. Mume na mke walianza kula pamoja katika jamii ambazo mwanamume alikula na wanaume wenzake. Wanawake walisimama wakashuhudia mbele ya waume zao.

Mwamko ulikuza msamiati wake wa Kiswahili, na mwingi ni wa maneno ya kawaida kabisa yaliyopewa kazi mpya. Kutengeneza, kitenzi cha fundi, kikawa kupatana na mtu uliyemkosea: ndugu wawili wenye kinyongo hutengeneza kabla ya kuomba pamoja. Kutembea nuruni kukawa kuishi bila siri mbele ya wenzako. Kuvunjika kukawa sifa njema, jambo ambalo kwa mtu wa nje halieleweki hata kidogo, kwani katika Kiswahili cha kawaida chombo kilichovunjika hutupwa. Salamu ya "Bwana asifiwe" nayo ina siasa yake ndogo. Shikamoo huenda upande mmoja, toka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. "Bwana asifiwe" yeyote aweza kuianza, mpishi kwa daktari au mtoto kwa mchungaji.

Ugomvi juu ya -me-

Wakubwa wa kanisa hawakukasirishwa tu na makelele ya usiku na nyimbo. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa pamoja na William Nagenda, na sababu ya karibu ilikuwa utii na kanuni za chuo. Chini yake palikuwapo kero iliyosikika pia Kenya na Tanganyika, na ambayo katika Kiswahili ilikaa katika kiambishi kimoja.

Mtu alisema "nimeokoka". Kiambishi -me- ni cha hali timilifu, na kwa vitenzi vya namna hii huonyesha tendo lililokwisha ambalo hali yake inaendelea: aliyeketi ameketi, aliyelala amelala bado. Wazee wa kanisa walisikia majivuno. Kwao kuokoka kulikuwa jambo la siku ya mwisho. Mkristo mnyenyekevu angeweza kutumaini kwamba ataokoka, kwa -ta-, lakini nani aliyemwambia kwamba amekwisha? Swali la kama kuna kuokoka hapa duniani limebishaniwa kwa maneno hayo hayo katika vyumba vya makanisa kwa miaka mingi, na halijazimika.

Kuna jambo la pili. Ndugu hawakupendelea kusema "nimeokolewa", kauli ya kutendwa, ambayo ingedai kutajwa kwa mtendaji. Walisema nimeokoka, kauli ya kutendeka, ambamo mtendaji hatajwi. Mkosoaji aliweza kuuliza: amejiokoa mwenyewe? Swali hilo ni kali kuliko linavyostahili. Kauli ya kutendeka humficha Mungu, ni kweli, lakini humwondolea binadamu naye kila sifa ya utendaji: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, mtu ameokoka. Tofauti iliyobaki ni ya -me-, na hapo wazee walikuwa wameona sawasawa kwamba palikuwa na dai zito. Anayesema hali yake inaendelea sasa amewapa wasikilizaji ruhusa ya kuikagua sasa. Aliyesema ataokoka hakaguliki mpaka afe.

Kiapo

Ukaguzi mkali kuliko wote ulikuja Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu viapo vya Mau Mau vilitolewa vijijini usiku, na kukataa kulikuwa kujitia hatarini. Baadhi ya ndugu wa uamsho walikataa. Sababu yao haikuwa kwanza ya kisiasa, na wale waliowafanya baadaye kuwa watetezi wa serikali ya kikoloni hawakuwasikiliza vizuri. Kiswahili husema kula kiapo. Ndugu walijieleza kwamba wamekwisha kula na kunywa kwenye Meza ya Bwana, na kwamba damu nyingine haiwezi kuchanganywa na ile. Walilichukua neno kula kwa uzito wake wote.

Kisha wengi wao walikataa pia bunduki. Serikali ilitaka watu walioukataa msitu waingie katika walinzi wa nyumbani, nao wakasema hawawezi kumwua jirani ambaye wanamwombea. Kwa hiyo walishukiwa pande zote mbili. Baadhi waliuawa, na wengine walipigwa wakaachwa. Hapa kitenzi kilifika mahali pagumu kabisa, kwa maana aliyeokoka kwa lugha ya ndugu ndiye ambaye hakuokoka kwa lugha ya kila mtu. Majirani waliokula kiapo ili kuponya watoto wao, na walikuwa wengi, wala hakuna wa kuwahukumu, waliokoka kwa maana ile ya baharia. Kijiji kimoja kilikuwa na maana mbili za neno moja, na zilipingana.

Baada ya uhuru kitenzi kiliendelea kupanuka. Uamsho ulitoa viongozi wa makanisa, miongoni mwao Festo Kivengere wa Kigezi, aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu, na Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Makanisa ya Kipentekoste yalipoongezeka katika miji, yalilipokea neno pamoja na -me- yake, yakaliongezea uponyaji na mafanikio, mambo ambayo ndugu wa kwanza hawakuyatilia mkazo. Siku hizi mlokole aweza kuwa Mkristo wa kanisa lolote asiyekwenda baa.

Katika ushuhuda wa ndugu wa kizazi cha zamani, hata hivyo, bado husikika mpangilio maalumu wa nyakati. Kwanza msemaji hutumia -li-, na kutaja mwaka na mahali alipookoka. Kisha hugeukia -me-. Mwisho huja wakati uliopo, na hapo ndipo hutaja jambo la wiki ile: maneno makali aliyomwambia mkwewe, au risiti aliyoiandika kinyume. Wanaomsikiliza huimba Tukutendereza, nao huwa hawaimbi kabla ya kulisikia hilo la mwisho.